Saa ya Mzee Kengele

Boksi lilikuwa limefungwa utepe mwekundu, na juu yake palikuwa na picha ya saa ya mbao ya kutundika ukutani, magurudumu yake ya meno yakiwa nje nje na kitu kirefu cha kubembea kikining'inia chini. Chumba kizima cha walimu kilipiga makofi. Makamu wa mwalimu mkuu, kijana mrefu ambaye tai yake kila mara ilionekana kumkaba, alilinyanyua ili wa nyuma nao waone, kisha akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Mzee wetu alitutunzia saa miaka yote," alisema. "Leo na sisi tunampa ya kwake."

Shule nzima ilimwita Mzee Kengele. Alikuwa mlinzi wa geti na mpiga kengele, na kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichofungwa kwenye boriti ya ukumbi, ambacho alikigonga kwa chuma kizito. Sasa shule ilikuwa imeweka kengele ya umeme inayojilia yenyewe. Ndiyo maana ya soda, biskuti na hotuba zile. Mkewe alikuwa fundi wa cherehani, na mtaani walimwita Fundi tu, utadhani hakuna fundi mwingine duniani. Alikaa kiti cha mbele ndani ya gauni alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, mgongo wima, akijua fika kwamba kuna watu wanaokagua mishono yake.

"Fungua, mzee! Fungua tuone!"

Mzee Kengele alifungua utepe taratibu, akaukunja, akautia mfukoni. Alijua mkewe angeutaka. Kisha akainua kifuniko. Ndani hamkuwa na saa. Mlikuwa na mbao nyembamba, bapa, zimelaliana, kila moja imekatwakatwa maumbo madogo madogo, pamoja na vijiti, kamba, karatasi ya msasa na kijitabu cha michoro. Alipoinua ubao wa kwanza, gurudumu dogo la meno lilichomoka, likaanguka, likaviringika mpaka chini ya kiti cha mwalimu mkuu.

Mtu mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Jamani, tumeuziwa kuni!" na hapo watu wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha ubaya, lakini kilikuwa kirefu. Makamu, ambaye ndiye aliyeagiza zawadi kwa simu baada ya kuridhika na picha, uso ulimshuka. Na Mzee Kengele, mbele ya watu wote, alipiga magoti, akasubiri mwalimu mkuu asogeze miguu yake, akaingiza mkono chini ya kiti, akaokota gurudumu lake na kulifuta kwa shati.

"Asanteni sana, walimu," alisema. "Ni nzuri."

Magoti hayo ndiyo yaliyomkaa Fundi kooni. Walirudi nyumbani kwa miguu. Mumewe alisukuma baiskeli, boksi likiwa kwenye keria, na baiskeli ililia kwii, kwii, kwii kila mnyororo ulipozunguka, kama ilivyolia tangu enzi na enzi.

*

"Kesho unairudisha," Fundi alisema, hata kabla hajavua viatu.

"Nairudisha wapi?"

"Kwa huyo makamu wako. Akakubadilishie. Watu wanachanga fedha zao, wewe unaletewa vibanzi!"

"Nimeshapokea kwa mikono miwili, mama."

"Walikucheka, baba! Ulikuwa umepiga magoti na wao wanakucheka!"

Mzee Kengele aliweka boksi juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuanza kutoa mbao moja moja. Hakuonekana kuwa na hasira, na hilo ndilo lililozidi kumchoma mkewe.

"Walicheka, ndiyo," alisema. "Nikiirudisha, watakuwa na haki ya kucheka. Nitabaki yule mzee aliyepewa kuni. Lakini nikiiunga ikatembea, watakuwa wamecheka saa. Nani anacheka saa?"

"Na isipotembea?"

"Isipotembea, basi itabidi nizoee hilo jina."

Chumba cha mbele kilikuwa karakana ya Fundi. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia ilikaa katikati, na nguo za wateja zilining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta. Mzee aliomba nusu ya meza. Fundi alinuna, akasonya, akasogeza mkasi na futi yake upande mmoja, na kwa namna hiyo ruhusa ikawa imetolewa.

Sasa, katika ndoa yao yote, Fundi alikuwa hajawahi kumwona mumewe akifanya kazi. Kazi yake aliijua kwa masikio. Shule haikuwa mbali, na mlio wa ile reli ulifika mpaka dirishani kwake. Kwa mlio huo aliinjika chai, kwa mlio huo aliwafungulia wateja, na kwa ule wa mwisho alijua baiskeli iko njiani inakuja. Mpigaji mwenyewe hakuwahi kumwona. Na sasa alikuwa naye meza moja, miwani puani, akichomoa meno ya gurudumu kutoka kwenye ubao kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

Hakuwa na haraka hata kidogo. Kila kipande alikisugua kwa msasa, akakipuliza, akakipitisha mdomoni kuona kama bado kina ukali, maana mdomo, alisema, hausemi uongo kama kidole. Akikosea, alirudia bila kulalamika. Kuna siku aligundisha magurudumu mawili kinyume, akakaa akiyatazama, akacheka peke yake, akaanza kuyabandua kwa wembe. Fundi aliinua macho kutoka kwenye pindo la sketi na kujikuta anamtazama mumewe kwa muda mrefu kuliko heshima ya kazi ilivyoruhusu.

Jirani wa mlango wa pili, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alikuja kujaribu blauzi na kuiona meza.

"Makubwa! Kumbe ni kweli. Mzee amekuwa mtoto, anacheza na vijiti?"

"Inua mkono nipime kwapa," Fundi alisema.

"Huko nje wanasema alipewa kuni, sasa anatafuta pa kuziwashia."

"Inua na huu mwingine. Na ukicheka hivyo pini itakuchoma, usije ukasema sikukuonya."

Jirani alinywea. Alipomaliza, akaomba, kama alivyokuwa akiomba kila mara, tone moja tu la mafuta ya cherehani kwa ajili ya bawaba za mlango wake.

"Mafuta ya mashine ni ya mashine," Fundi alijibu. "Baiskeli ya mume wangu inalia mtaa mzima unasikia, na sijaipa hata tone. Itakuwa bawaba zako?"

Hilo lilikuwa kweli. Kichupa kile chenye mdomo mrefu kilikaa kwenye droo ya cherehani, na mkono wa mtu mwingine haukukigusa. Cherehani ndiyo iliyomsomesha binti yao mpaka akaolewa kwa heshima, na Fundi aliamini kwamba siri ya mashine kudumu ni mafuta, na siri ya mafuta kutoisha ni ubahili.

*

Siku saa ilipopanda ukutani, Mzee Kengele alikuwa amenyoa ndevu. Pendulamu, kile kitu kirefu cha kubembea, ilining'inia chini ya magurudumu. Kwenye kamba ya uzito unaozungusha magurudumu, mahali ambapo mchoro ulionyesha kopo la mchanga, alifunga kile chuma chake cha kugongea reli, ambacho shule ilimwachia kwa sababu hakuna aliyejua kingine cha kukifanyia. Akaisukuma pendulamu kwa kidole kimoja.

Tik, tak. Tik, tak. Kisha ikasita, ikanyamaza.

Alisukuma tena, akafumba macho na kusikiliza. "Inachechemea," alisema. "Sikia. Tik iko karibu, tak iko mbali. Ukuta umeinama kidogo. Nipe kitambaa."

Fundi, ambaye hakusikia uchechemeaji wowote, alimpa kipande cha kanvasi, kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola. Mzee alikikunja, akakichomeka nyuma ya fremu, akasikiliza, akakikunjua mkunjo mmoja. Tik, tak. Tik, tak. Sasa hata Fundi alisikia tofauti, jinsi mtu anavyotembea baada ya kutolewa kokoto kwenye kiatu.

Ilitembea kwa muda wa kutosha kumshonea mtu mkono wa shati. Kisha ikasimama. Akaisukuma, ikaenda, ikasimama tena. Na ilipokuwa ikienda, mbao zilikuwa zikikwaruzana kwa mlio mwembamba, mkavu, wa kumtia ganzi ya meno mtu yeyote aliyekulia kwenye mashine.

"Haina shida," Mzee alisema, jasho likimtoka. "Meno hayajazoeana. Ngoja nikatafute penseli, ile laini ya kuchorea. Hapa kwetu hakuna." Akatoka, na kwii kwii ya baiskeli ikapotelea mwisho wa mtaa.

Fundi alibaki na saa. Penseli ya nini tena, alijiuliza, kuchora? Akaisukuma pendulamu. Kriii, ikalia, ikasimama. Alimwona tena mumewe akiwa amepiga magoti. Akawaza: mtu huyu amesugua kila jino kwa mdomo wake, na kitu kimoja tu ndicho kinachomkwamisha, kitu ambacho hata mtoto wa fundi anakijua. Alifungua droo, akatoa kichupa.

Hakufanya ubahili. Kila tundu alilipa tone, kila jino alilipaka, akageuza magurudumu kwa kidole mafuta yaingie vizuri. Alipoisukuma pendulamu, saa ilitembea kimya na laini, hata akacheka kwa sauti. Akafuta vidole, akarudisha kichupa, akakaa kwenye cherehani na kuinamia kazi. Hakuwa na nia ya kusema. Alitaka ushindi uwe wa mumewe peke yake.

Mzee aliingia na penseli mkononi, akasimama mlangoni. Saa ilikuwa ikienda. Alisogea mpaka uso wake ukakaribia kugusa magurudumu, akakaa hivyo kitambo kirefu, mgongo akiwa amempa mkewe.

"Imejizoeza yenyewe," Fundi alisema.

"Naona," Mzee alijibu kwa sauti ya chini. Penseli akaiweka mezani, hakuitumia.

Asubuhi saa ilikuwa imekufa. Mzee aliisukuma, ikagoma. Aligeuza gurudumu kwa kidole, likageuka kwa shida. Kesho yake halikugeuka kabisa. Mbao zilikuwa zimenyonya mafuta na kuvimba, na kuzunguka kila tundu palikuwa na doa jeusi lililokuwa likitambaa. Fundi aliliona doa hilo alipokuwa akitungia uzi, akaiacha sindano. Alijua madoa ya mafuta. Nusu ya maisha yake alikuwa akipigana nayo. Kwenye kijitabu, alichokifungua mumewe alipotoka, mlikuwa na mchoro wa kikopo cha mafuta kimepigwa alama kubwa nyekundu ya X, na pembeni yake mchoro wa penseli ikisugua jino la gurudumu. Hakuhitaji kujua kusoma lugha yoyote.

Alipanga kusema wakati wa chakula. Chakula kikaliwa, hakusema. Akapanga kusema akimaliza kupiga pasi. Kila alipofungua mdomo alimwona mumewe ameketi kwenye ngazi ya nje, mikono magotini, hana geti, hana kengele, hana saa, naye akarudi kwenye pasi. Mwishowe Mzee aliishusha saa ukutani, akaiweka boksini, akampigia makamu simu.

"Njoo uichukue, mwalimu," Fundi alimsikia akisema. "Mikono yangu ni ya kugongea chuma. Haya mambo yamenishinda."

*

Makamu alikuja na mfuko wa plastiki, ndani yake saa ya betri, duara, nyeupe, ya aina inayotundikwa kwenye vyumba vya kusubiria daktari. Alikuwa akitabasamu tabasamu la mtu anayetaka kumaliza na kuondoka.

"Mzee, nisamehe. Hata mimi wamenipa jina. Nikiingia chumba cha walimu wananiita Bwana Kuni. Nimenunua hii kwa fedha yangu, tubadilishane, hadithi iishe."

"Si kosa lako," Mzee alisema. "Saa ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeishindwa."

"Aa, mzee, usijilaumu. Hivi vitu vinataka vijana. Macho, vidole... Umri nao una mambo yake."

"Ndiyo hivyo. Vidole vimezeeka."

Cherehani ilisimama. Fundi aliinuka, futi ikiwa bado shingoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia.

"Mwongo!"

Makamu alishtuka. Mzee hakugeuka.

"Vidole vyake havina tatizo! Saa hiyo ilitembea, mwalimu, ilitembea hapo ukutani, kila jino amelisugua mwenyewe. Ni mimi. Alipotoka nikachukua mafuta ya cherehani nikaimwagia. Nilidhani naisaidia. Nimeiua, halafu nikakaa kimya namwangalia anajilaumu." Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. "Nikuchekeshe zaidi? Kuna picha kabisa ya kukataza mafuta. Kawaambie chumba cha walimu. Waambie mjinga ni mimi."

Makamu hakujua aangalie wapi. Akaangalia saa yake ya betri.

"Nilijua," Mzee Kengele alisema.

"Ulijua nini?"

"Mafuta. Nilijua siku ile ile."

Mzee aliendelea, akiwa kama anazungumza na boksi. "Tatizo si nani aliyatia. Tatizo ni kwamba mafuta yakishaingia kwenye mbao hayatoki. Ningejua la kufanya, ningefanya."

Ikawa zamu ya Fundi kumtazama kana kwamba amesema upuuzi. "Hayatoki? Nani kakwambia hayatoki?" Alijipangusa uso kwa kiganja. "Cherehani ikidondosha mafuta kwenye gauni la bibi harusi, unadhani namwambia aolewe na doa? Unasaga chaki, unalifunika doa, unaweka karatasi juu, unapitisha pasi ya uvuguvugu. Chaki inayanyonya. Unakung'uta, unarudia, mpaka yaishe. Nguo ni nyuzi, na mbao ni nyuzi. Toa hiyo saa!"

Akavuta droo ya chaki za kuchorea vitambaa. Vilikuwa vipande vichache vilivyolika. Akageuka, akalitazama koti la makamu.

"Mwalimu, una chaki?"

Makamu alitia mikono mifukoni, akatoa chaki tatu nzima na vipande kadhaa na vumbi. Akaviweka mezani. Halafu, bila kuambiwa, akalegeza tai, akavuta kiti na kuanza kusaga kwa kitako cha glasi.

Waliifungua saa kijiti kwa kijiti. Mzee alichomoa, Fundi alifunika kwa unga na kupitisha pasi, makamu alikung'uta na kusaga mwingine. Karatasi ya kwanza ilitoka na doa kama la andazi. Ya pili doa lilipungua. Matundu yaliyokuwa yamevimba Mzee aliyasugua upya kwa msasa uliozungushiwa kijiti, na kila jino akalipaka risasi ya ile penseli iliyokuwa ikimsubiri. Wakati fulani gurudumu dogo lilimponyoka makamu, likaviringika chini ya cherehani. Wote watatu walitazamana. Makamu akapiga magoti kwa suruali yake iliyonyooshwa, akaingiza mkono chini ya cherehani, akalitoa na kulifuta kwa shati.

"Hili hapa, mzee," alisema, na hakuna aliyecheka.

Jua lilikuwa limeshapungua ukali saa ilipopanda ukutani tena, kanvasi yake nyuma, chuma chake kwenye kamba. Mzee alimshika mkewe mkono, akamsogeza mbele. "Sukuma wewe."

Alisukuma kwa kidole kimoja. Tik, tak. Tik, tak. Hapakuwa na kriii. Walisimama, wakasubiri mahali ilipokuwa ikisimama, ikapita. Makamu alitoa simu kulinganisha, kisha akaamua kuirekodi video. Alipoondoka alisahau mfuko wake wa plastiki. Mzee alimkimbilia nao mlangoni. "Itundike ofisini kwako, Bwana Kuni," alimwambia, na makamu alicheka mpaka akashika ukuta.

*

Walipobaki wawili, Fundi alikunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ulijuaje?"

"Harufu. Harufu ya mafuta hayo ndiyo harufu ya mikono yako. Nimelala nayo ujana na uzee wangu, leo nisiitambue kwenye saa?"

"Na ukanyamaza. Ukampigia mwalimu simu ukasema umeshindwa. Ungekubali wakucheke mpaka kaburini?"

Mzee Kengele alikaa kwenye kiti cha wateja, uso wake ukiielekea saa.

"Ningesema nini, mama? Baiskeli yangu imelia miaka yote ile nakwenda kazini nayo, na hukuwahi kuipa tone. Sikulalamika, nilijua thamani ya kichupa kile. Halafu naingia nakuta umekimimina kwenye vibanzi vyangu." Aliguna kidogo, nusu kicheko. "Ningekulaumu kwa mdomo upi?"

Fundi alisikiliza saa ikienda, hatua kwa hatua, haichechemei. Kisha alifungua droo ya cherehani, akatoa kichupa na kukiinua kwenye mwanga wa dirisha. Chini kabisa palikuwa na kidogo kilichobaki.

"Unakwenda wapi?" mumewe aliuliza.

Alikuwa ameshafika nje. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kazi, akaanza kuudondoshea mnyororo, pingili moja moja.